Nyumbani kwa Mzee wa Limpopo

Treni ya Peredelkino huondokea stesheni ya Kievsky, na ukipata kiti cha dirishani utaiona Moscow ikipungua kidogo kidogo: maghorofa marefu, kisha magereji ya mabati, kisha misonobari. Siku hizi ni treni ya kisasa, safi, ya kugusisha kadi mlangoni. Miaka ya themanini, nilipokuwa mwanafunzi wa Chuo cha Lumumba, njia hii ilijaa mabibi wenye ndoo za uyoga na matofaa, na mimi sikuwahi kushuka Peredelkino. Nilikuwa nikisomea kilimo. Vitabu vya watoto vilinikuta baadaye, Dar es Salaam, nilipoanza kuhariri na kutafsiri hadithi, kazi ambayo hata leo majirani zangu wanadhani naifanya nikisubiri kupata kazi.

Niliongozana na kijana wa Kizanzibari, mtoto wa rafiki yangu wa Mkunazini, anayesomea udaktari huku. Nilimwambia tunakwenda kumtembelea mwandishi wa watoto aliyefariki zamani, Kornei Chukovsky. Akacheka.

“Mama, huyo bwana ananitesa. Nikiingia wodi ya watoto sina jina tena. Wananiita Aibolit.”

Daktari Aibolit ndiye daktari anayejulikana kuliko wote Urusi, na hakuwahi kuishi. Chukovsky alimtungia shairi refu mwaka 1929. Daktari huyu anatibu wanyama, anapata simu ya maandishi kutoka kwa kiboko kwamba wanyama wa Afrika wanaugua, anafunga safari kuvuka theluji, bahari na milima hadi anafika. Katika shairi hilo Zanzibar imetajwa, pamoja na Kalahari, Sahara na Limpopo. Jiografia yake ni vurugu tupu. Fernando Po, ambayo ni kisiwa katika Ghuba ya Guinea, kwake imekuwa mlima, na kiboko anatembea hapo hapo kando ya Limpopo, maelfu ya kilomita kusini. Hata hivyo, mtoto wa Kirusi hulitamka jina la Zanzibar kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

“Nikisema natokea Zanzibar,” kijana aliendelea, “mzazi mzima, mwenye mvi, ananimalizia ubeti. Hawaamini kama ni mahali pa kweli.”

Tulishuka. Mbele ya stesheni kuna kanisa jipya lenye kuba za rangi kama bakuli za peremende, na ng'ambo yake lile la zamani, na makaburi mlimani. Ukishafika barabara ya Serafimovich mji unasahaulika. Kuna uzio mrefu wa mbao, matope ya majira ya kupukutika majani, na miti.

Kijiji hiki kilianza miaka ya 1930. Maxim Gorky alikuwa miongoni mwa waliolipigia debe wazo lake: serikali iwajengee waandishi nyumba za mbao msituni, wakae waandike. Serikali ikajenga. Nyumba ya serikali, hata hivyo, ina mwenyewe. Boris Pilnyak alikamatwa hapa mwaka 1937, Isaac Babel mwaka 1939, na wote wawili wakauawa. Chukovsky alihamia mwaka 1938, katikati ya balaa hilo. Mwaka huo huo mume wa binti yake Lydia, mwanafizikia Matvei Bronstein, alipigwa risasi gerezani. Mtu akikuambia kwamba kuandikia watoto ni kazi ya kujificha na siasa, mlete Peredelkino.

Nyumba yake sasa ni makumbusho. Uani kuna mti ulioning'inizwa viatu vya watoto, kwa heshima ya shairi lake la mti unaozaa viatu badala ya matunda. Kijana wangu aliuangalia akasema kwamba kwao mti kama huo usingemaliza usiku mmoja.

Ndani tulikuta darasa zima la shule ya msingi. Mwongozaji alikuwa mama wa makamo aliyeongea kwa sauti ndogo, na mbinu yake ilikuwa kuanza mshororo na kuuacha njiani. Watoto waliumalizia kwa kelele, wote, bila hata mmoja kubabaika. Mwalimu wao alipotuuliza tunatoka wapi, na kijana akajibu, wale watoto waligeuka kwa pamoja wakamtazama kama mtu aliyetoka ndani ya kitabu. Mmoja akapaza sauti: Limpopo! Basi ikawa Limpopo mpaka mwongozaji alipowaomba wateremke ngazi.

Ghorofani ndipo penye chumba cha kazi, na ndipo nilipotaka kukaa. Meza, kochi, rafu za vitabu, vingi vya Kiingereza. Kuna joho la Chuo Kikuu cha Oxford, kilichompa shahada ya heshima mwaka 1962, na kuna taji la manyoya la Wahindi Wekundu alilopenda kulivaa akicheza na watoto. Watalii hupiga picha joho na taji. Mimi niliiangalia meza, maana huyu mtu alikuwa kibarua wa meza. Tangu ujana alisumbuliwa na kukosa usingizi, mpaka watoto wake wakawa wanamsomea vitabu usiku ili alale. Alikuwa mezani alfajiri, wengine wakiwa bado wamelala, na aliishi hivyo hadi alipokufa mwaka 1969 akiwa na miaka 87.

Alizaliwa St. Petersburg mwaka 1882, jina lake halisi Nikolai Korneichukov. Mama yake alikuwa mwanamke wa shamba kutoka Poltava, Ukraine, na baba hakumwoa. Alikulia Odessa, mama akifua nguo za watu. Shuleni alifukuzwa, zilikuwa zama ambazo serikali ya mfalme ilielekeza watoto wa wapishi na madobi wapunguzwe katika shule za kiungwana. Akafanya vibarua, akapaka mapaa rangi, na akajifundisha Kiingereza peke yake kutoka kwenye kitabu. Kitabu hakina masikio. Gazeti la Odessa lilipompeleka London kama mwandishi wake, mwaka 1903, aliweza kusoma chochote lakini matamshi yake hayakufanana na ya mtu yeyote mjini. Akahamia maktaba ya British Museum, ambako hakuna aliyetakiwa kuongea.

Alirudi kwao akiwa mtafsiri. Kitabu chake cha mashairi ya Walt Whitman kilitoka mwaka 1907, na aliendelea kukirekebisha toleo baada ya toleo karibu maisha yake yote. Baadaye wakafuata Kipling, Mark Twain, Oscar Wilde na wengine. Robinson Crusoe na Baron Munchausen aliwasimulia upya kwa ajili ya watoto. Ukiifuata orodha hiyo unapata jibu la swali lililonileta huku: mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika aliipata wapi Limpopo? Aliipata kazini. Kipling ana hadithi ya mtoto wa tembo anayekwenda mtoni Limpopo kumuuliza mamba anakula nini, na Chukovsky ndiye aliyeitafsiri kwa Kirusi. Mto ukabaki sikioni mwake miaka mingi ukisubiri shairi. Aibolit naye ana ukoo wa Kiingereza, maana Hugh Lofting alikwisha kumwandika Daktari Dolittle, anayeongea na wanyama, mwaka 1920. Chukovsky alimtaja vilevile daktari Tsemakh Shabad wa Vilnius, aliyemfahamu, aliyekuwa akitibu maskini bure na hata kupokea paka wagonjwa.

Hivyo ndivyo jina la Zanzibar lilivyofika wodini kwa kijana wangu: kwa njia ya watafsiri.

Sina budi kusema pia lile lisilopendeza. Miaka minne kabla ya Aibolit, Chukovsky alitunga shairi la Barmalei, jambazi mla watu anayeishi Afrika, ambapo watoto wanaonywa wasithubutu kwenda huko kutembea. Jina lenyewe alilitoa kwenye mtaa mmoja wa Leningrad alipokuwa akitembea na mchoraji Dobuzhinsky. Afrika hakuitafuta, alikuwa akitafuta mahali pa mbali penye kutisha na kuchekesha, na vitabu alivyovisoma vilimpa hapo. Nilimuuliza kijana kama linamkera.

“Barmalei ananikera kidogo,” akasema. “Lakini Mama, mtoto mwenye homa anayedhani nimetoka Limpopo ananipa mkono wake nimchome sindano. Nifanyeje?”

Nilinyamaza. Mimi ningekuwa mhariri wa Chukovsky ningempigania Aibolit hadi mwisho, na Barmalei ningemrudishia.

Katika ngazi za nyumba ile nilikuwa nikikumbuka miswada inayopita mikononi mwangu, ya namna ile ile aliyokutana nayo Chukovsky. Mwaka 1918 Gorky alipoanzisha shirika la kuchapa fasihi ya ulimwengu kwa Kirusi, nchi ikiwa katika njaa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, watafsiri wengi walijitokeza kwa sababu kazi hiyo ilileta mkate. Wengi hawakuijua. Chukovsky na mshairi Nikolai Gumilyov wakapewa jukumu la kutunga kijitabu cha kanuni za kutafsiri, na Chukovsky alikikuza mwaka hadi mwaka mpaka kikawa kitabu kizima, ambacho kwa Kiswahili tungekiita Sanaa ya Juu. Hoja yake kubwa humo ni ya mtu aliyehariri sana. Anasema makosa ya kamusi hayaui kitabu. Mtu akikosea jina la ndege, kosa hilo linarekebishwa kwa kalamu. Kinachoua ni msamiati mkavu, pigo lililopotea, sauti ya mwandishi iliyogeuzwa kuwa sauti ya karani. Tafsiri inaweza kuwa sahihi kila neno na ikawa maiti.

Nimewahi kupokea maiti za namna hiyo, na nadhani nimewahi kuzichapa. Hadithi za watoto zinazotafsiriwa kwa Kiswahili kwa fedha za miradi mara nyingi huletwa na mtu aliyepewa wiki moja. Kila kitu kimo, ila hakuna bibi hata mmoja kati ya Lamu na Lindi anayeweza kumsimulia mjukuu sentensi zile. Ndiyo maana mtafsiri Ida Hadjivayanis alipomleta Alisi, yule msichana wa Nchi ya Ajabu, upya kwa Kiswahili mwaka 2015, miaka 75 baada ya tafsiri ya kwanza ya mwaka 1940, nilifurahi hata kabla ya kufungua kitabu. Mtu alikuwa ameona kwamba mtoto wa leo anastahili kufanyiwa kazi upya.

Jinsi Chukovsky alivyotunga ni somo jingine. Mamba, hadithi yake ya kwanza ya mashairi, ilianzia ndani ya treni. Mwanawe alikuwa mgonjwa, analia, wako safarini usiku kurudi nyumbani, na baba akaanza kumtungia maneno kwa kufuata magurudumu, bila kufikiri, ili mtoto asahau maumivu. Alipopona, mtoto aliyakumbuka yote. Mistari ya kwanza ya Aibolit ilimjia akiogelea baharini, mbali na ufuko. Alitoka mbio akaandika kwenye pakiti ya sigara iliyolowa. Wasimuliaji hupenda kuishia hapo, kwenye muujiza. Wanaruka kilichofuata: madaftari mawili ya shule aliyoyajaza mwandiko mdogo, mishororo tele, karibu yote akaitupa, akabakiza michache iliyostahili.

Na alikuwa akisikiliza. Kwa miaka mingi aliandika maneno ya watoto kama walivyoyasema, kwanza wa kwake, kisha wa jirani, kisha wa nchi nzima, wazazi wakimtumia barua. Kikatoka kitabu kuhusu akili na lugha ya mtoto wa kati ya miaka miwili na mitano, kilichochapwa mara nyingi akiwa hai, na kila toleo likinenepa. Humo mna amri zake kwa wanaotungia watoto mashairi. Picha zibadilike haraka, kila ubeti uwe na kitu cha kuchorwa. Vina vikaribiane. Konsonanti zisisongamane. Vitenzi viwe vingi, sifa ziwe chache. Na pigo liwe lile linaloanza na silabi nzito ikafuatiwa na nyepesi, kwa maana ndilo watoto wadogo hulitumia wenyewe wanapoimba michezo yao.

Nilikuwa nimezisoma amri hizo zamani, lakini chumbani mle, watoto wakipiga kelele chini ya sakafu, zilinijia kwa namna nyingine. Kirusi kina maneno yenye konsonanti nne zimebanana. Mshairi wa watoto analazimika kuyakwepa. Sisi tunafunga silabi zetu kwa irabu. Mkazo wetu unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo baba, mama, paka, kuku, moto, mvua, yote yanapiga vile vile alivyotaka. Sifa za asili tunazo chache mno hata tukitaka kuzidisha. Kitenzi chetu kimoja kinabeba mtenda, wakati, mtendwa na sababu. Vina vya kati na vya mwisho vimo katika mashairi yetu tangu kabla Chukovsky hajazaliwa. Ni kama mtu ametuachia kiwanja kilichokwisha kusawazishwa, na sisi tunapanda kinachoota chenyewe.

Kuandikia watoto karibu kummalize. Tarehe 1 Februari 1928 gazeti la Pravda lilichapa makala ya Nadezhda Krupskaya, mjane wa Lenin na kiongozi katika wizara ya elimu, akiilaani Mamba kwamba ni upuuzi wa kibepari. Gorky aliandika kumtetea. Haikutosha. Vitabu vyake vikazuiwa, wakaguzi wakakaa juu ya mamba na nzi wa mashairi yake kana kwamba ni wapelelezi. Desemba 1929 alikubali kuchapisha barua ya kuzikana hadithi zake na kuahidi kuandika za maisha mapya ya ushirika wa wakulima. Hakuwahi kuziandika. Binti yake wa mwisho, Murochka, ambaye Warusi wengi wanamjua kwa kuwa ametajwa katika mashairi yake, aliugua kifua kikuu wakati huo huo, akafa Crimea Novemba 1931 akiwa na miaka 11. Mwandishi wa daktari anayeponya wote kwa siku chache alikaa kitandani kwa mtoto wake asiweze kufanya lolote.

Mwongozaji aliyasema haya watoto wakiwa wamekwisha kuteremka.

Kilichomlisha katika miaka hiyo ni kazi nyingine: kuhariri mashairi ya Nekrasov, insha, kumbukumbu, na tafsiri. Hakuwa peke yake. Mshairi Pasternak, nyumba chache kutoka hapa, alikaa na Shakespeare wakati mashairi yake mwenyewe hayakuwa na mlango. Katika nchi ile tafsiri ilikuwa ajira yenye malipo yanayojulikana na mhariri anayekusubiri. Sifa nyingi za serikali ile sizitaki, na nimeona hapa bei yake. Lakini jambo hilo moja nitalisema bila aibu, hasa mimi niliyekulia kwenye vitabu vya Kiswahili vilivyochapwa Moscow na shirika la Progress na kuuzwa Dar es Salaam kwa bei ya maandazi. Kuna watu walilipwa kukaa na kuvitafsiri.

Mwaka 1957, akiwa na miaka 75, Chukovsky alijenga maktaba ya watoto kwa fedha zake karibu na nyumba, akaitoa kwa umma. Kila mwaka aliwaalika watoto wa kijiji kwenye moto mkubwa msituni, kuukaribisha na kuuaga msimu wa joto, na kiingilio kilikuwa makoko kumi ya msonobari ya kuchochea moto. Waandishi wakubwa walikuja kusoma mbele ya hadhira hiyo. Alexander Solzhenitsyn alipokosa pa kujificha mwaka 1965, ni nyumba hii iliyompokea. Kati ya chumba cha mwandishi aliyewindwa na uwanja wa watoto palikuwa na hatua chache tu.

Makaburini hatukukaa. Giza linaingia mapema huku, na kijana alikuwa na zamu asubuhi. Chukovsky amezikwa kando ya mkewe Maria, Pasternak akiwa karibu.

Katika treni ya kurudi tulijaribu kumpeleka Aibolit katika mizani minane kwa minane, kijana akigonga pigo kwenye kioo. Tulifika Kievsky na beti mbili ambazo sizipendi bado. Lakini nilikwisha kufanya hesabu: shairi lile, likitafsiriwa jinsi mwenyewe alivyotaka litafsiriwe, ni kazi ya miezi, na sijui mchapishaji wetu hata mmoja atakayenilipa miezi. Wachapishaji wa Afrika Mashariki wanaishi kwa vitabu vya kiada. Hadithi za watoto hupewa kilichobaki, na mtafsiri wake hupewa kilichobaki kwenye kilichobaki.

Basi ombi langu ni kwao, na kwa wenye miradi ya kusoma wanaotuletea fedha za kuchapa vitabu elfu kwa haraka. Chapeni vichache. Mpeni mtunzi mwaka mmoja na mtafsiri miezi sita, kwa mkataba na mrabaha unaolipwa kwa wakati. Na ninyi wazazi na walimu wa chekechea, andikeni wanayosema watoto wenu, tarehe na umri, mtuletee. Tunayahitaji kazini.